Mwanaanga mmoja, stoo moja, feni moja: tulivyotengeneza filamu ya upweke wa angani

Tangu filamu yetu fupi ianze kuonyeshwa, vijana wanaotaka kutengeneza za kwao wananiuliza swali lilelile: hela ya chombo cha anga mlitoa wapi? Nimeona nijibu kwa kirefu, maana jibu la haraka linapotosha. Chombo chenyewe hakikula hela kama watu wanavyodhani. Hela, nguvu na usingizi viliishia kwenye mambo ambayo hakuna aliyetuambia mapema, na hayo ndiyo nataka yakufikie kabla hujamwita fundi.

Mbegu ilitoka kwenye Dark Star, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1974 ambayo hata wapenzi wakubwa wa sinema huku kwetu wengi hawajawahi kuiona. John Carpenter aliianza mwaka 1970 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, akiwa na mwanafunzi mwenzake, Dan O'Bannon. Waliishuti kwa kuungaunga: hela ikipatikana wanaendelea, ikikata wanasimama. Hadi inafika kwenye majumba ya sinema inakadiriwa kuwa ilikuwa imetumia dola 60,000 tu. O'Bannon aliandika skripti pamoja na Carpenter, akaigiza, akahariri, na kazi kubwa ya ufundi wa picha za angani ikamwangukia yeye. Carpenter aliongoza na muziki akautunga mwenyewe.

Ni hadithi ya wanaume wanne waliobaki kwenye chombo kilichochakaa, kazi yao kulipua sayari zisizotulia ili watu watakaokuja kuhamia huko wasipate shida. Wako safarini miaka 20, ingawa miili yao imezeeka miaka mitatu tu. Mkuu wao amekufa, maiti yake imegandishwa, na mambo yakiwazidi wanakwenda kumwomba ushauri humohumo kwenye barafu. Stoo moja ya chombo imelipuka na kuondoka na karatasi zote za chooni. Mionzi inavuja, wameomba vifaa vya kujikinga, na ujumbe kutoka duniani unawafikia kwamba ombi lao limekataliwa kwa sababu ya kupunguzwa kwa bajeti.

Watu wanaicheka, na ilitengenezwa ichekeshe. Mimi ilinishika kwa Talby, yule anayekaa peke yake kwenye kuba la kioo juu ya chombo, hashuki hata kula na wenzake. Luteni Doolittle anapanda kumpelekea chakula. Talby anazungumza habari za nyota. Doolittle anazungumza habari za bahari na mawimbi aliyoyaacha nyumbani. Kila mmoja anamsubiri mwenzake amalize ili aendelee na la kwake. Ukiitazama kwa jicho la mtayarishaji asiye na hela, unaona seti ni kiti, kioo na taa. Basi. Na hapo ndipo upweke wa filamu nzima unapokaa.

Sasa linganisha na pale walipojaribu kuonyesha makubwa. Kiumbe wa ajabu aliyemo chomboni ni mpira wa kuchezea ufukweni, umepakwa rangi na kuwekewa miguu. Ile sehemu ambayo mtu ananing'inia chini ya lifti, walimlaza O'Bannon chini wakashuti kwa ubavu. Nawaheshimu sana kwa ubunifu huo, na baadhi ya hila hizo tulizitumia. Ila O'Bannon mwenyewe hakuridhika na ule mpira, na miaka michache baadaye akaandika skripti ya Alien, iliyotoka mwaka 1979, ambayo kiumbe wake hachekeshi mtu.

Filamu ya pili tuliyoisoma kama kitabu ni Love ya mwaka 2011, ya mwongozaji William Eubank. Mwanaanga mmoja, aliyeigizwa na Gunner Wright, yuko peke yake kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2039, dunia inaacha kujibu, na hakuna anayekuja kumchukua. Eubank alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya kukodisha kamera, kwa hiyo picha alizijua. Kituo alikijenga nyumbani kwa wazazi wake, uani. Alitumia mbao za MDF, mablanketi ya kuhamishia vyombo, mifuko ya kubebea pizza, velkro (ule utepe wa kubandika na kubandua) na taa za Krismasi. Bajeti yote inatajwa kuwa dola 500,000, na hiyo ni pamoja na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, askari na mizinga, maana sehemu ya hadithi inarudi hadi mwaka 1864. Kwa Hollywood hizo ni hela za chai. Kwa sisi wa Tabata, Dar es Salaam, zilikuwa mbali kama mwezi, lakini orodha ile ya vifaa haikuwa mbali hata kidogo. MDF tunayo. Mablanketi tunayo.

Tulianza na skripti, na hapa nawaomba msikimbie. Rasimu ya kwanza ilikuwa na roketi inayoruka, chumba cha waongoza safari chenye watu kumi na mbili, na mlipuko. Kabla ya kufuta lolote tulikaa tukasoma habari za watu waliowahi kuwa wapweke kweli huko juu. Michael Collins, Julai 1969, wenzake wawili wako mwezini, yeye anazunguka peke yake. Kila akipita nyuma ya mwezi, kwa karibu dakika 48 hasikii sauti yoyote kutoka duniani. Sergei Krikalev aliondoka Mei 1991 kwenda kituo cha Mir akiwa raia wa Muungano wa Kisovieti. Aliporudi Machi 1992, baada ya siku 311, nchi aliyoagana nayo ilikuwa haipo tena. Alikuwa na wenzake kule juu, redio ilifanya kazi, aliongea hata na watu binafsi wenye redio zao huku chini. Alichokosa ni uhakika wa nani anasimamia safari yake ya kurudi. Na kuna watu sita waliofungiwa kwenye jengo mjini Moscow kwa siku 520, mwaka 2010 hadi 2011, kuigiza safari ya sayari ya Mirihi. Hawakuondoka ardhini, na bado usingizi wa baadhi yao ulivurugika.

Baada ya kusoma hayo, roketi iliondoka yenyewe kwenye skripti. Tulibaki na mwanamke mmoja, fundi wa mitambo ya hali ya hewa, ambaye kila siku anapaswa kusoma taarifa yake redioni. Siku moja hajibiwi. Kesho yake anasoma tena. Filamu nzima ni huko kusoma tena.

Kituo anachokiita redioni ni Ngomeni. Watazamaji wengi wamedhani tumetunga. Ngomeni iko kaskazini ya Malindi, na baharini mbele yake ndipo lilipo jukwaa la San Marco, ambako Waitaliano walikuwa wakirusha roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kilirushwa hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, cha kwanza duniani kwa kazi hiyo, kikapewa jina la Uhuru. Anga ina historia kwenye pwani yetu. Sikuona sababu ya mwanaanga wetu kuita Houston, kwa waongoza safari wa Kimarekani.

Turudi kwenye kazi. Mahali tulipata stoo nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, ambamo alikuwa anahifadhi viti na maturubai ya kukodisha kwenye shughuli. Kodi hakutaka, ila viti vyake tulivihamishia kwa jirani kwa gharama yetu, na kila harusi ilipotokea tulisimamisha kazi kumpakilia. Ukipewa mahali bure, hesabu na mambo kama hayo.

Fundi seremala alihitaji mchoro wenye vipimo. Maneno kama "kama bomba hivi, lakini la kisasa" hayajengi kitu. Tulikata maboksi, tukatengeneza kielelezo kidogo cha kukaa mezani, tukaweka simu ndani na kupiga picha ili kuona kamera itaona nini. Kielelezo hicho kilituokolea mbao nyingi. Kilituonyesha kwamba bomba la pande nane linatosha na hakuna haja ya mviringo, na kwamba lazima pande mbili ziwe za kutoka na kurudi, vinginevyo kamera haina pa kusimama. Mwambie fundi tangu mwanzo: ukuta huu na huu uwe wa bawaba.

Shangazi alikuja kukagua kazi ikiwa imefika nusu. Alizunguka, akapiga mbao kwa kiganja, akaingia hadi mwisho, akageuka.

"Mwanangu, humu ndani mtakuwa na taa?"

"Ndiyo, shangazi. Nyingi."

"Na moto ukitokea huku mlangoni, huyo binti atatokea wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Jioni ileile fundi alikata mlango wa pili upande wa nyuma, tukauficha kwa blanketi la rangi ya fedha, na tukanunua mtungi wa kuzimia moto. Kila seti ya kujifungia iwe na milango miwili. Mbao, rangi, nyaya na joto la taa viko pamoja katika eneo dogo, na mtu wako yuko katikati.

Mapambo ya ndani tuliyatoa eneo la Gerezani, mjini, kwa wauza vyuma chakavu: vifuniko vya aluminiamu, mabomba ya viyoyozi, swichi za zamani, vibao vya herufi vya kompyuta zilizokufa. Nunua vitu vya umbo moja vingi, vitano au sita vinavyofanana, kuliko vitu thelathini vya kila aina. Jicho likiona kitu kinajirudia kwa mpangilio linaamini ni mtambo; likiona mchanganyiko linaona jalala. Rangi iwe isiyong'aa. Tulipaka ya kung'aa upande mmoja, taa zote zikawa zinaonekana ukutani, tukapaka upya. Na weka velkro kila mahali, ubandike kalamu, kijiko, daftari, mswaki. Ndivyo ilivyo kwenye vituo halisi, na inagharimu kidogo. Seti nzima, pamoja na fundi na kupaka mara mbili, ilifika karibu Sh2,100,000 kati ya bajeti ya karibu Sh7,000,000.

Chakula na usafiri vilipita Sh1,200,000. Sikutarajia hilo kabisa. Tulishuti usiku, kwa sababu mchana stoo ile ya bati ilikuwa haikaliki, na usiku daladala hakuna. Kila mtu arudishwe kwake. Kila mtu ale mara mbili, na chai ya saa nane usiku si anasa, bila hiyo watu wanaanza kugombana. Waambieni pia majirani na serikali ya mtaa kabla. Mtu akiona mwanga unapita dirishani usiku na watu wanabeba nyaya, ana haki ya kuuliza. Kibali cha kupiga filamu ombeni mapema, hata kama hamtoki nje ya stoo, maana maonyesho mengi yatakitaka baadaye.

Habari ya kuelea hewani ilitusumbua sana kabla hatujaamua. Kumtundika mtu kwa kamba kunahitaji ujuzi na bima ambavyo hatukuwa navyo, na sikuwa tayari kuhatarisha mgongo wa mtu kwa ajili ya picha. Tuliamua kamera isishuke chini ya kiuno kamwe. Mwigizaji aliketi kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, mtu akamvuta polepole kwa kamba upande wa pili. Nywele zake zilisukwa zikabana kichwani, kwa sababu nywele zinazoning'inia zinafichua uzito papo hapo. Hereni na mkufu vilevile. Kijiko kinachoelea kilikuwa kwenye uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, mara moja tu, mwanzoni. Mtazamaji akishaona kijiko kimoja kinaelea anamaliza mengine mwenyewe. Na ile hila ya kumlaza mtu na kugeuza kamera tuliitumia alipolala: kitanda kilikuwa sakafuni, kamera imefungwa darini ikitazama chini, na kwenye skrini anaonekana amesimama amelala, amefungwa kwenye mfuko wake ukutani.

Mwanga ni jambo ambalo ningeomba ulitilie maanani kuliko mapambo. Kituo kilicho kwenye mzingo wa karibu huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, kwa hiyo aliyemo anaona jua likichomoza na kuzama karibu mara 16 kwa siku. Sisi tulikuwa na taa moja kali. Mpwa wangu aliishika nje ya dirisha la duara, juu ya ngazi, akiishusha polepole kwa kamba huku mwenzake akipitisha plastiki ya rangi ya chungwa mbele yake na kuiondoa. Ndani, ukanda mwembamba wa mwanga ulianzia kwenye kidevu cha mwigizaji, ukapanda mdomoni, ukafika jichoni likafumba, ukapita paji la uso, giza. Anasoma taarifa yake wakati huo, hainui kichwa. Mara ya kwanza anauangalia mwanga. Kufikia katikati ya filamu haushughulikii tena. Kwangu huo ndio upweke, na ulipatikana kwa kamba na ngazi.

Mwigizaji tuliyempata alikuwa ametoka kwenye michezo ya redio. Wengine waliokuja kwenye usaili walijua kulia. Yeye alijua kungoja. Tulimpa ukurasa wa taarifa ya hali ya hewa, tukamwambia asome kana kwamba anajibiwa, kisha asome uleule bila kujibiwa. Hakupandisha sauti wala kuishusha. Alichobadilisha ni urefu wa kimya baada ya sentensi. Nilijua hapohapo.

Kazi ile ilimgusa kuliko tulivyojiandaa. Kuna usiku alimaliza shoti ndefu, tukasema tayari, hakutoka. Alikuwa amekaa pale mbele ya redio ya mbao, ananiambia, "Kaka, nipeni dakika." Dakika zikawa nyingi. Baadaye alinieleza kwamba kwa wiki kadhaa, akiamka asubuhi nyumbani, alikuwa anasikiliza kwanza kama kuna mtu mwingine ndani. Niliogopa. Kuanzia hapo tuliweka utaratibu: mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine ila kukaa naye, anamtoa nje kila baada ya shoti, anapiga naye stori za kawaida, za mpira, za bei ya nyanya, na hakuna kumrudisha nyumbani peke yake. Aliyejitolea kwa hilo alikuwa shangazi. Kama hadithi yako inamfungia mtu chumbani, weka mtu huyo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na mkataba wa mwigizaji useme wazi malipo, saa za kazi na haki yake ya kusimamisha shoti.

Sasa sauti. Kama kuna sehemu moja ya maelezo haya unayopaswa kuibeba, ni hii. Tulidhani anga ni kimya, na nje ya chombo ni kweli. Ndani ya chombo ni kelele mfululizo. Pasipo uzito hewa ya moto haipandi, kwa hiyo hewa haijizungushi yenyewe. Ukilala mahali pasipo na feni, hewa chafu unayoitoa inaweza kujikusanya mbele ya uso wako. Ndiyo maana kwenye vituo vya anga feni hazizimwi, usiku na mchana. Mwanaanga anaishi ndani ya mngurumo.

Tulipolielewa hilo tuliandika upya sehemu ya mwisho ya skripti. Mngurumo wa feni tuliurekodi peke yake: feni ya kompyuta kwa karibu, feni ya mezani ikiwa ndani ya pipa la plastiki, kiyoyozi cha ofisi ya rafiki kikisikika kupitia ukuta. Mhariri wa sauti alizipanga kwa tabaka. Unaingia kwenye filamu, baada ya dakika mbili umeshazoea na huzisikii. Kisha, kwenye dakika ya 14, feni moja inasimama. Mngurumo unapungua kidogo tu. Anainua kichwa kwa mara ya kwanza bila kuitwa na mwanga, na ukumbini kila niliyemwona aliinua kichwa pamoja naye. Hakuna mlipuko ambao tungeweza kuununua ungefanya hivyo.

Na hiyo ndiyo sehemu tuliyoipa Sh400,000 tu. Ilitosha kwa sababu mhariri wa sauti alifanya kazi ya ziada kwa mapenzi, jambo ambalo haifai kulipanga kwenye bajeti ya mtu yeyote. Sauti ya mazungumzo tuliyoirekodi kwenye seti ilikuwa na kila kitu cha Dar es Salaam: bodaboda, mbwa, jogoo asiyejua saa, na siku mvua ilipoanza kupiga bati hatukuweza kurekodi neno. Magodoro na mablanketi ukutani yalisaidia kwa kiasi. Mwishowe tulirudia karibu maneno yake yote, yeye na maiki, ndani ya gari lililofungwa vioo usiku wa manane, nguo zimetundikwa pande zote. Alivyokuwa mtu wa redio, alilenga midomo yake mwenyewe kwa urahisi. Kwa mwigizaji asiye na uzoefu huo, kazi hiyo ingechukua muda mara tatu.

Kwa hiyo ukitafuta mahali, nenda kasikilize kabla ya kutazama. Kaa pale saa utakazoshuti, simu imezimwa, na uandike kila sauti inayopita. Tafuta pia paa lisilo la bati, au shuti kiangazi.

Mambo ya baada ya kushuti nayapitia haraka. Nakili picha kwenye diski mbili kila usiku kabla mtu yeyote hajalala, na diski hizo zilale nyumba tofauti. Muziki uwe wako au uwe na maandishi ya ruhusa. Weka maandishi ya Kiingereza chini ya picha kwa ajili ya maonyesho ya nje, na mlipe mtu anayejua lugha zote mbili. Amua urefu mapema: Dark Star kabla ya kufika kwenye majumba ya sinema, iliwabidi watengenezaji warudi kushuti nyongeza ili ifikie urefu wa filamu kamili, na nyongeza hizo zinaonekana. Filamu fupi ya dakika chini ya 20 inapata nafasi kwenye maonyesho mengi. Ya dakika 40 haina kwake, ni ndefu kwa kundi la fupi na ni fupi kwa kundi la ndefu. Yetu ina dakika 17. Ilikuwa na 26, na kila dakika iliyotoka ilikuwa ya chombo kuonekana kwa nje.

Ada za kutuma filamu kwenye maonyesho nazo ni bajeti. Moja ni ndogo, nyingi kwa pamoja zinauma, na nyingine zinadai kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Tulichagua chache ambazo tayari zimewahi kuonyesha filamu fupi za Afrika Mashariki, tukaachana na orodha ndefu.

Kwa filamu inayofuata tumeshagawa hela kwenye karatasi. Seti imeshuka hadi robo moja ya bajeti, kwa sababu kuta za bawaba tunazo. Sauti imepanda, inalingana na seti, na mtu wa sauti ataingia kwenye kikao cha kwanza kabisa pamoja na mwandishi. Mwigizaji atalipwa na siku za mazoezi. Kuna fungu la mtu wa kukaa na mwigizaji, na shangazi ameshaulizwa. Amekubali, ila kwa sharti kwamba shuti zisigongane na msimu wa harusi.